Torngat, Kanada: kilele cha mita 1,652 tu, kwa nini huendi bila Mwinuiti mwenye bunduki?

#1 Tembea Kaskazini
Wakuu habari. Nipo Halifax. Wenzangu wa kazini wananishawishi niungane nao Agosti kwenda kutembea kwa miguu Milima ya Torngat, kaskazini kabisa mwa Labrador, mashariki mwa Kanada. Barabara hakuna. Unapanda ndege Goose Bay, unashuka uwanja wa changarawe wa Saglek, boti inakupeleka kambini, halafu mnapelekwa ndani ya fiodi (mkono mwembamba wa bahari kati ya milima) na kuanza kutembea siku kadhaa na waongozaji Wainuiti, wenyeji asilia wa kule. Gharama yake ni maelfu ya dola, si mchezo.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Kilele kirefu kuliko vyote kule kinaitwa Caubvick, mita 1,652. Mbeya mjini watu wanalala juu zaidi ya hapo! Kilimanjaro nimefika Uhuru kwa njia ya Marangu, kwa hiyo mlima si kitu kigeni kwangu. Lakini kila ninayemuuliza ananiambia usithubutu bila Mwinuiti, tena mwenye silaha. Nikiuliza sababu, kila mtu ana yake: dubu, hali ya hewa, sheria ya ardhi, na yupo aliyesema ni ajira tu wamejitengenezea wenyeji. Ipi ni ipi? Wenye uelewa karibuni.

#2 Kijana wa Sinza
Nimekaa siti ya mbele nasubiri wajuzi. Ila mleta uzi, uzi wa milima bila picha haunogi. Na huko kiangazi si jua halizami kabisa? Mtalala saa ngapi?

#3 Nyati wa Momella
@Tembea Kaskazini mbona hilo si geni hata nyumbani. Meru ina mita 4,562 na hupandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Hakuna mgeni anayelalamika akishaona kinyesi cha nyati kingali na mvuke pembeni ya njia. Bunduki haihusiani na urefu wa mlima, inahusiana na mnyama anayekaa pale. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Meru ukishaupita msitu, hofu ya nyati inapungua. Dubu mweupe hana msitu wa kuupita. Nimeongoza wageni Arusha miaka mingi, na eneo la wazi lisilo na mti wa kukimbilia ndilo ningeliogopa kuliko yote.

#4 Nesi wa Labrador
Habari zenu. Mimi ni mtu wa Bujumbura, nafanya kazi ya uuguzi hapa Happy Valley-Goose Bay, na kambini Torngat nimefika. Ngoja nieleze nilichokiona.

Kambi ipo Kangidluasuk, kwenye ghuba ya Saglek, nje kidogo ya mpaka wa kusini wa hifadhi. Inaendeshwa na serikali ya Nunatsiavut, yaani serikali ya Wainuiti wa Labrador wenyewe. Inafunguliwa Julai na Agosti tu. Imezungushiwa uzio wa umeme, na hutoki nje ya uzio bila mlinzi wa dubu hata kama unataka kupiga picha ya ua hatua chache kutoka getini. Hapo hakuna kubembelezana.

Sababu ni kalenda ya dubu. Dubu mweupe anawinda sili, mnyama wa baharini, akiwa juu ya barafu ya bahari. Barafu ikivunjika mwanzoni mwa kiangazi anahamia nchi kavu, ana njaa, anatembea pwani kwa pwani. Na huo ndio msimu pekee ambao wageni wanaweza kuja. Mwenyeji na mgeni wanafika mlango mmoja kwa wakati mmoja. Juu ya hao kuna dubu weusi wanaoishi kwenye tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti, jambo la nadra sana, kwa sababu popote pengine dubu mweusi ni mnyama wa msituni.

Mlinzi anatangulia. Ana bunduki, ndiyo, lakini kutwa nzima nilimwona akitumia darubini. Anasimama kwenye kila tuta, anasoma bonde lililo mbele, anaangalia upepo unatoka wapi, ndipo anatuita. Akiona doa jeupe ambalo mimi ningesema ni theluji au jiwe, tunabadilisha njia bila mjadala. Dubu akisogea, kwanza ni kelele, kisha fataki za kutisha, risasi ni jambo la mwisho kabisa. Usiku wanapokezana kukesha. Mlinzi mzuri anarudi nyumbani risasi zake zote zikiwa mfukoni.

#5 Wakili wa Nyanda
Nesi ameeleza vizuri, ila tuweke sheria sawa ili mleta mada asichanganyikiwe. Kwa safari zinazoanzia kambini, mlinzi ni lazima. Ndani ya hifadhi yenyewe, lazima ni kujiandikisha na kupewa maelekezo ya usalama. Kuchukua mlinzi wa dubu Mwinuiti kunapendekezwa kwa nguvu sana, lakini si sharti kwa kila anayeingia.

Kinachowabana wageni ni kifungu kingine: mgeni haruhusiwi kuingia na bunduki kwenye hifadhi ya taifa ya Kanada. Wainuiti wenye haki chini ya mkataba wa ardhi wanaruhusiwa, maana ile ni ardhi yao ya kuwinda, na walinzi waliopata mafunzo wanabeba kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ukitaka bunduki kwenye kundi lako, lazima iwe mkononi mwa Mwinuiti. Chanzo ni mkataba: Mkataba wa Ardhi wa Wainuiti wa Labrador ulianza kutumika Desemba 2005, na hifadhi ilizaliwa nao siku hiyohiyo. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 9,700. Mwaka 2008, baada ya mkataba wa Wainuiti wa Nunavik upande wa Quebec kukamilika, ikawa hifadhi kamili. Bodi inayoishauri serikali juu ya usimamizi wake ina wajumbe saba na wote ni Wainuiti.

Ndiyo maana mimi nasema jibu la swali lako ni mkataba. Dubu walikuwepo hata kabla ya 2005.

#6 Mangi wa Kibosho
Wakili umemaliza. Hii ni kama Kilimanjaro, hupandi bila mwongozaji mwenye leseni. Wazungu walilalamika weee, leo wamezoea. Na mimi sioni ubaya wowote wenyeji kujitengenezea ajira kwenye mlima wao. Mleta uzi amesema "ajira tu" kana kwamba ajira ni kitu kidogo. Kwenye milima yetu, mgumu, yaani mpagazi, anabeba kilo 20 za mgeni pamoja na zake, na jina lake halipo kwenye picha ya kileleni. Wenzetu wamehakikisha jina lipo, malipo yapo, na uamuzi wa kwenda au kurudi upo kwao.

#7 Tembea Kaskazini
Asanteni. Mangi, sikuwa na nia ya kuidharau kazi ya mtu. Nauliza kwa sababu kwenye kundi letu wapo wanaosema twende wenyewe kwa ndege ya kukodi, tubebe uzio mdogo wa umeme na fataki, tuokoe hela. Hilo linawezekana?

#8 Nesi wa Labrador
Kaka, naomba uwasimulie wenzako habari ya Nachvak.

Julai 2013, kundi la watembeaji kutoka Marekani walipiga hema kwenye fiodi ya Nachvak, ndani ya hifadhi. Walikuwa na uzio mdogo wa umeme na bastola za fataki. Mlinzi Mwinuiti mwenye silaha hawakuwa naye. Usiku dubu mweupe aliingia, akamng'ata mmoja wao kichwani kupitia kitambaa cha hema na kuanza kumburuta kuelekea ufukweni. Kiongozi wao alifyatua fataki, dubu akamwachia. Mtu alivunjika taya na mifupa ya shingo, pafu likatoboka. Bahati yake kundini kulikuwa na daktari. Helikopta haikuweza kufika usiku ule kwa sababu ya ukungu, ikabidi wasubiri asubuhi. Aliishi, na alisimulia mwenyewe hadharani.

Nimefanya kazi ya wagonjwa wa dharura. Kusubiri helikopta hadi asubuhi, huku mtu ana tundu kwenye pafu, siwezi kuiita njia ya kuokoa hela.

#9 Kijana wa Sinza
Duh. Lakini hapo si dubu tu, ni uzio. Mbona uzio wa umeme haukufanya kazi? Kama uzio ungekuwa imara, mlinzi wa nini?

#10 Nyati wa Momella
@Kijana wa Sinza uzio wa kubeba mgongoni ni nyaya nyembamba kwenye vijiti. Dubu mweupe dume anaweza kuzidi kilo 400, na ana manyoya mazito. Umeme lazima umguse puani au mdomoni ndipo ausikie. Uzio unakununulia sekunde chache, na hizo sekunde zinahitaji mtu aliye macho. Tembo wetu nao wanausukuma uzio kwa pembe, kwa sababu pembe haipitishi umeme. Mnyama akishajifunza, waya ni mapambo.

#11 Baharia wa Likoni
Wadau hamjambo. Mimi naona nyote mnazungumza kuhusu dubu, lakini muuaji mkubwa kule si dubu. Ni hewa. Nimepita pwani ya Labrador kwa meli. Kuna mkondo wa bahari wa baridi unashuka kutoka kaskazini ukibeba milima ya barafu inayoelea, hata Agosti unaiona. Hewa yenye joto kidogo ikigusa maji yale, ukungu unasimama kama ukuta. Halafu upepo unateremka kwenye fiodi ghafla, bahari iliyokuwa shwari inachafuka nusu saa haijapita. Kuta za miamba pale zinapanda kutoka majini moja kwa moja, mamia ya mita, na pengine karibu mita 900. Boti haina pa kujibanza.

Hicho kilele chenu cha Caubvick kiliua watembeaji wawili Agosti 2003. Hakukuwa na dubu pale. Ni ukingo mwembamba wa miamba, dhoruba, na baridi.

Na iko kisa cha zamani zaidi. Desemba 1942, ndege ya kivita ya Kimarekani aina ya B-26, ikitoka Greenland kwenda Goose Bay, ilipotea njia ikatua kwa dharura Saglek. Watu saba, wote wazima. Rubani akaanza kuandika shajara. Wakakaa wakisubiri hewa itulie ili waokolewe. Baada ya wiki mbili hivi, watatu wakaingia kwenye mtumbwi wa mpira kuelekea kusini kutafuta msaada, na hawakuonekana tena. Wanne waliobaki walikufa mmoja baada ya mwingine kwa njaa na baridi, shajara inaishia mwanzoni mwa Februari. Kijiji cha Wainuiti cha Hebron kilikuwa kusini mwao, si mbali hata kidogo kwa mtu anayeijua njia. Waliokuja kuikuta miili yao ni Wainuiti.

Kwa hivyo, bwana Tembea, mwongozaji unamlipa kwa sababu anajua nyumba ya karibu iko upande gani. Bunduki ni nyongeza.

#12 Nesi wa Labrador
Baharia anasema kweli kuhusu ukungu. Weka siku za akiba kwenye ratiba yako, mwambie na bosi wako. Ndege ya Saglek ikisema leo hairuki, hairuki. Na unapokaa kambini ukisubiri, kaa na wazee. Vijana wa Nunatsiavut na wa Nunavik wanaletwa pale kila kiangazi kujifunza kwao, na ukitulia nawe utajifunza.

#13 Mama Tukuyu
Shalom wanangu. Nimesoma jina la Hebron kwenye post ya Baharia nikashtuka. Hebron, Nain, Okak, hizo si zilikuwa misheni za Moravian? Sisi Wamoravian wa Rungwe tumefundishwa tangu utotoni kwamba ndugu zetu kutoka Herrnhut, Ujerumani, walikwenda kwenye barafu kabla ya kufika kwetu. Nain ilianzishwa 1771. Rungwe ni 1891. Ni kanisa lilelile! Na leo Tanzania ndiyo yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani.

Huko nako walifundishwa kupiga matarumbeta kama yetu, na Wainuiti wakayafanya yao. Mwanangu Tembea, ukipita Nain, nenda kanisani, uwaambie kuna watu Tukuyu wanaimba nyimbo hizohizo.

#14 Mzee wa Soko Matola
Sasa naelewa kwa nini mleta uzi alianza na Mbeya. Kumbe tuna undugu. Waambieni Wainuiti wakitaka kupanda juu kuliko Caubvick waje Mbeya, watafika kwa basi.

#15 Tembea Kaskazini
Hahaha mzee umetisha. Mama Tukuyu shikamoo, hilo sikulijua kabisa, ahsante. Ratiba yetu inapita Hebron kwa boti, tunaambiwa tutaona kanisa la mbao la zamani.

#16 Mama Tukuyu
Marahaba mwanangu. Kama mnapita Hebron, basi msipige picha tu mkaondoka. Yaliyotokea pale ni mazito, na kanisa letu lina sehemu yake.

Mwaka 1880 wakala wa Mzungu mmoja wa Hamburg, Hagenbeck, alifika Hebron kutafuta watu wa kuwaonyesha Ulaya kwenye bustani za wanyama. Wamisionari walipinga, lakini Abraham Ulrikab, Mkristo aliyejua kusoma, kuandika na kupiga fidla, alikubali kwenda na mkewe Ulrike na watoto wao kwa sababu alikuwa na madeni. Familia nyingine ilitoka Nachvak, hapohapo kwenye Torngat anaposema Nesi. Jumla watu wanane. Hawakuchanjwa ndui mapema. Kufikia Januari 1881 wote wanane walikuwa wamekufa, wa mwisho Paris. Abraham aliandika shajara kwa lugha yake. Mifupa ya baadhi yao ilikaa kwenye makumbusho Paris zaidi ya miaka 100.

Halafu 1918 meli ya misheni, Harmony, ilileta homa ya mafua. Okak watu 263, wakafa 204. Meli ya kanisa. Halafu 1959 serikali na misheni wakaifunga Hebron. Watu walitangaziwa ndani ya kanisa, mahali ambapo kwa heshima yao wasingeweza kubisha. Wakatawanywa Nain, Hopedale na Makkovik, mbali na maeneo yao ya kuwinda, ndugu wakatengana. Serikali ya jimbo iliomba radhi 2005, na 2009 yakawekwa mawe ya kumbukumbu palepale Hebron.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu naipenda Moravian. Kwangu mimi jibu la swali la mwanangu liko hapa. Watu waliondolewa kwenye nchi yao, sasa wamerudi wakiwa ndio wenye mlango. Unapoongozwa na mjukuu wa mtu wa Hebron, hapo ni kwake.

#17 Mangi wa Kibosho
Mama umenigusa. Sisi Wachaga bado tunatafuta kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Wazee wanasema kichwa kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba Berlin vilipata ndugu wa watu wengine kutoka Kilimanjaro waliokuwa kwenye mkusanyiko wa mafuvu, lakini Meli bado. Nikisoma habari ya Abraham naiona kwa macho ya nyumbani.

Na hicho kilele Caubvick nimetafuta jina lake sasa hivi. Ni mwanamke Mwinuiti aliyepelekwa Uingereza mwaka 1772 na wenzake. Wakati wa kurudi ndui ikawaua wote, akapona yeye tu.

#18 Ole wa Endulen
1959. Mwaka huohuo Wamaasai tulitolewa Serengeti tukahamishiwa Ngorongoro, kwa ahadi kwamba huko tutakaa. Tangu 2022 watu wanapelekwa Msomera. Wenzetu wa Labrador waliondolewa, wakaombwa radhi, wakapewa hifadhi waisimamie na bodi yao yote ni wao. Naomba Wakili anieleze, walifanyaje?

#19 Wakili wa Nyanda
@Ole wa Endulen swali zito, na historia haifanani moja kwa moja. Hebron haikufungwa kwa ajili ya wanyama, ilifungwa kwa hoja ya gharama za huduma, nyumba na matibabu. Hifadhi ilikuja miaka 46 baadaye. Wao waliwasilisha dai la ardhi miaka ya 1970, wakajadiliana karibu miaka 30, na wakati wote huo walikataa hifadhi itangazwe kabla ya haki zao kuandikwa. Mpangilio ndio uliowasaidia: mkataba kwanza, hifadhi baadaye. Na mkataba unawaachia kuwinda na kuvua ndani ya hifadhi. Kwetu hifadhi ilitangulia.

#20 Ole wa Endulen
Nimekuelewa, ashe. Lakini kuombwa radhi hakujawarudisha kukaa Hebron, si ndiyo? Wanakwenda kiangazi kama waongozaji na kurudi. Mimi sijui kama hiyo naiita kurudi.

#21 Msimamizi wa Jukwaa
Wakuu, mada ya Ngorongoro ina nyuzi zake, tuiendeleze kule. Hapa turudi Torngat.

#22 Binti Chumbageni
Assalamu alaikum. Nimekuwa nikisoma kimya. @Kijana wa Sinza kwenye post ya pili ulisema jua halizami. Torngat ipo kati ya nyuzi 58 na 60 kaskazini, na jua kutozama kunaanzia nyuzi 66 na nusu. Kwa hiyo jua linazama, magharibi ipo. Tatizo linakuja kwenye isha. Kwa latitudo ile, kati ya Mei na katikati ya Agosti wekundu na weupe wa anga hauondoki usiku kucha, giza kamili halipatikani. Kaka Tembea, kama unaswali, amua mapema utafuata makadirio gani, maana hutakuwa na mtandao wa kuuliza. Na chakula? Niliwahi kusikia wanakula sili.

#23 Nesi wa Labrador
Waalaikum salaam dada. Samaki wapo wa kutosha, hasa chari, jamii ya samoni, anavuliwa palepale na kuliwa akiwa mbichi, amekaushwa au amepikwa. Mikate ya kukaanga, panitsiak, inatengenezwa kambini na hutaacha kuirudia. Sili wanakula, ndiyo. Kulungu wa kaskazini sasa ni habari ya huzuni: kundi la George River lilikuwa na mamia ya maelfu miaka ya 1990, leo halifiki 10,000, na uwindaji wake Labrador ulipigwa marufuku 2013. Usimwulize mwongozaji wako kuhusu nyama hiyo kama utani.

Ukienda mwishoni mwa Agosti, usiku una giza na taa za kaskazini, ile mianga ya rangi angani, zinaonekana. Tena visubi wamepungua. Mwezi Julai visubi na mbu wanaingia mpaka kwenye kikombe cha chai.

#24 Jiwe la Msingi
Mmeongea kila kitu mkasahau kinachokanyagwa. Miamba ya Saglek ni miongoni mwa ya kale kabisa duniani, mingine inakaribia miaka bilioni 3.9. Mwamba wetu wa kati ya Dodoma na Ziwa Victoria sehemu kubwa ni bilioni 2.5 hadi 3, na huo tunauita mzee. Kuna wanajiolojia waliosema mwaka 2017 kwamba wameona dalili za uhai kwenye kaboni ya miamba hiyo ya Labrador, wengine wakabisha.

Na fiodi ya Ramah ina jiwe la cherti linalopitisha mwanga, rangi ya moshi, lililochongwa visu na mikuki kwa maelfu ya miaka na kusafirishwa hadi Maine. Watu walikuwa wanatembea kwenye milima hii kibiashara kabla ya piramidi za Misri. Hiyo nayo ni sababu ya mwongozaji: pete za mawe unazozikanyaga ukidhani ni mawe tu zilikuwa zinashikilia mahema ya watu, na ni marufuku kuokota hata kipande kimoja. Mwinuiti anazitambua kwa mbali.

#25 Fundi Saa
Nyote mnazunguka. Wazee wao waliamini roho zinakaa milimani pale, na mkubwa wao, Torngarsoak, ana umbo la dubu mweupe na ndiye anayewamiliki wanyama wa baharini. Waganga walikwenda huko kutafuta nguvu. Milima ya namna hiyo huingii bila mwenyeji, popote duniani. Kwetu Upare kuna misitu mpaka leo huingii bila mzee kutangulia.

#26 Baharia wa Likoni
Fundi Saa, na wale walio Wakristo tangu 1771?

#27 Fundi Saa
Mkristo wa Upare naye haingii msitu ule peke yake. Muulize.

#28 Nyati wa Momella
Tembea, mimi nakushauri kikazi. Siku ya kwanza muulize mwongozaji maswali haya kabla hamjaondoka kambini: akisema "simama" tunakaa umbali gani kutoka kwake? Nani anatembea mwisho? Chakula kinapikwa umbali gani kutoka kwenye mahema? Mto wa barafu ukijaa mchana tunasubiri wapi? Akijibu papo hapo, umepata mtu. Usimuulize ameua dubu wangapi, wageni wanapenda swali hilo na linamkera kila mlinzi ninayemjua. Na mzigo utaubeba mwenyewe, kule hakuna mgumu. Mikono ya mwenye bunduki lazima iwe huru.

#29 Tembea Kaskazini
Hili nimelinakili lote. Nimewatumia wenzangu habari ya Nachvak na ya ile ndege ya 1942, wale waliotaka twende wenyewe wamenyamaza. Mmoja sasa anasema tupite upande wa Quebec kwa sababu ni rahisi zaidi. Kuna tofauti?

#30 Wakili wa Nyanda
Upande wa Quebec kuna hifadhi nyingine, Kuururjuaq, ya mwaka 2009. Unaingilia kijiji cha Kangiqsualujjuaq na kufuata bonde la mto Koroc. Kilele ni hichohicho kipo mpakani, ila wao wanakiita D'Iberville na vitabu vyao vingi vinaandika mita 1,646. Hifadhi hiyo inaendeshwa na Wainuiti wa Nunavik, kwa hiyo kama mwenzako anadhani anamkwepa Mwinuiti, atamkuta mlangoni.

#31 Mangi wa Kibosho
Mita 1,646 au 1,652, mzee wa Soko Matola bado yuko juu yao.

#32 Nesi wa Labrador
Bonde la Koroc lina miti sehemu za chini, kwa hiyo upepo ni afadhali. Lakini kutoka bondeni kwenda kileleni ni palepale pa ule ukingo wa 2003. @Tembea, chukua viatu vya mpira virefu na vya kutembelea, vyote viwili. Mito mtavuka mingi na maji yake yanauma hadi mfupani. Lini mnalipia?

#33 Tembea Kaskazini
Mwisho wa mwezi huu. Tumechagua Saglek.